Wachezaji wa vyuo Marekani wapewe mkataba, siyo ahadi

Natoa dukuduku langu juu ya jambo ambalo wapenzi wa michezo wamekuwa wakilijadili sana, nalo ni fedha za matangazo wanazolipwa vijana wa vyuo vikuu vya Marekani wanaocheza mpira wa Kimarekani, pamoja na vurugu iliyoingia katika usajili wao.

Wengi wanaolizungumzia jambo hili hutoa lawama moja tu. Wanasema vijana hao wameharibiwa na fedha. Ati zamani walicheza kwa kukipenda chuo chao, na sasa wanahama kutoka chuo hiki kwenda kile kama mchuuzi anayetafuta soko zuri. Mimi sikubaliani na lawama hiyo. Kwa maoni yangu, ubaya umetokana na kanuni za malipo na usajili kutungwa miaka yote na upande mmoja, yaani upande wa anayenunua, ilhali mchezaji akipewa ahadi mahali ambapo mfanyakazi mwingine yeyote angedai mkataba.

Kwa faida ya wasomaji wasioufahamu mchezo huo, siyo kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake una ncha mbili, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu kugongana ndiyo sehemu kubwa ya mchezo wenyewe. Kule Marekani timu za vyuo zina mashabiki wengi ajabu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa mfano, unaingiza watu zaidi ya 100,000, na mwaka 2022 umoja wa vyuo uitwao Big Ten ulitangaza mikataba ya televisheni iliyoripotiwa kufikia dola bilioni 7 kwa miaka 7.

Tena kijana mwenye kipaji hana njia nyingine ya kupita. Ligi kubwa ya kulipwa ya nchi hiyo, NFL, haimpokei mchezaji mpaka ipite miaka 3 tangu amalize masomo ya sekondari. Kwa hiyo miaka hiyo karibu kila mmoja huipitisha chuoni, akigongana na wenzake kila wiki. Mtu ambaye hana pengine pa kuuza nguvu zake, huyo ndiye rahisi kunyonywa.

Ndugu Mhariri, tukitaka kuelewa vurugu ya sasa hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilianzishwa mwaka 1906 baada ya Rais Theodore Roosevelt kuingilia kati kutokana na vifo vya wachezaji uwanjani. Lengo lilikuwa jema. Lakini kufikia mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa taarifa ikaonyesha kwamba vyuo vingi vilikuwa vikiwavuta wachezaji kwa misaada na malipo ya kificho. Mwaka 1956 NCAA iliruhusu chuo kumlipia mchezaji ada, chakula na malazi kwa ajili ya uchezaji wake. Zaidi ya hapo ikawa marufuku. Mwaka 1973 kanuni ikabadilishwa, msaada huo ukawa wa mwaka mmoja mmoja, hata kocha asiyeridhika na kijana akaweza kuuachia ukome. Nauliza: kama huyo alikuwa mwanafunzi tu, kwa nini masomo yake yategemee mabao?

Yuko kijana mmoja aliyeitwa Ray Dennison. Mwaka 1955 aliumia kichwani akichezea chuo kimoja cha jimbo la Colorado, akafa. Mjane wake akaomba fidia, kama anavyoomba mjane wa mfanyakazi aliyefia kiwandani. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilimnyima, ikasema chuo hakikuwa katika biashara ya mpira. Na Walter Byers, aliyekiongoza NCAA tangu mwaka 1951 hadi 1987, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba yeye na wenzake ndio waliosambaza jina la "mwanafunzi-mwanamichezo", kwa hofu kwamba wachezaji wangehesabiwa kuwa wafanyakazi. Basi jina hilo zuri halikuzaliwa kwa mapenzi ya elimu. Lilizaliwa kwa kukwepa fidia.

Je, marufuku ile ilizuia fedha? La hasha. Ilizifanya zipite mlango wa nyuma tu. Mwaka 1987 NCAA iliifungia timu ya Southern Methodist ya Texas msimu mzima baada ya kubainika kwamba wachezaji 13 walikuwa wamelipwa jumla ya dola 61,000 kutoka katika mfuko wa wafadhili. Mchezaji Reggie Bush, aliyepata tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa mwaka 2005, aliirudisha tuzo hiyo mwaka 2010 kwa sababu ya zawadi ambazo familia yake ilidaiwa kuzipokea. Mwaka 2024 akarudishiwa, kwani dunia ilikwisha geuka. Yaliyokuwa aibu yamekuwa halali, na wale waliohukumiwa kwa ajili yake wamekwisha zeeka.

Wakati kijana anakatazwa kupokea hata nauli, wakubwa wake hawakukatazwa kitu. Mwaka 2023 chuo cha Texas A&M kilimwachisha kazi kocha wake, Jimbo Fisher, na mkataba wake ukakidai chuo kumlipa zaidi ya dola milioni 75. Fedha hizo zilikuwa za kutofanya kazi! Kocha alikuwa na mkataba, akalindwa na mkataba wake. Mchezaji aliyekuwa akitoka jasho mbele yake hakuwa na karatasi ya namna hiyo.

Mambo yalianza kubadilika kwa sababu ya mahakama na majimbo, wala si kwa huruma ya vyuo. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria ya kumruhusu mchezaji wa chuo kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Tarehe 21 Juni, 2021, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuwawekea wachezaji mipaka ya misaada inayohusu masomo. Siku 10 baadaye NCAA ikafungua mlango: kuanzia tarehe 1 Julai, 2021, mchezaji akaweza kulipwa kwa kutangaza viatu, magari au vinywaji.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. NCAA ilifungua mlango nusu. Ilisema mchezaji anaweza kulipwa na mtu wa nje kwa tangazo, lakini chuo kisimlipe kwa kucheza, wala fedha zisitumiwe kumshawishi ajiunge na chuo fulani. Wafadhili wa kila chuo wakaunda mifuko yao, wakachanga mamilioni, wakawa wanamwambia kijana: njoo kwetu, utasaini picha na kuhudhuria hafla, nasi tutakulipa. Kwa maandishi lilikuwa tangazo. Kwa kweli ulikuwa mshahara, ila mshahara usio na mwajiri. Mchezaji akidhulumiwa amshitaki nani? Chuo kinasema hakikuahidi kitu, na mfadhili anasema yeye si chuo.

Mifano ipo. Jaden Rashada, kijana anayecheza nafasi ya kuongoza mashambulizi, alifungua mashitaka mwezi Mei 2024 akidai kwamba aliahidiwa dola milioni 13.85 ili ajiunge na chuo kimoja cha Florida, na kwamba fedha hizo hazikuonekana. Walioshitakiwa wana haki ya kusikilizwa, nami simhukumu mtu. Mwezi Septemba 2024 Matthew Sluka, wa nafasi hiyo hiyo, aliiacha timu ya chuo cha UNLV cha Las Vegas ikiwa imeshinda michezo yake yote 3. Wakala wake alisema kijana aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na kocha msaidizi. Chuo kikajibu kwamba madai yake yalikuwa kinyume cha kanuni za kulipwa kwa kucheza. Mashabiki wengi walimlaani Sluka kwa kuwatupa wenzake. Lakini wahenga walisema ahadi ni deni. Kama ahadi ilikuwapo, iliandikwa wapi? Na kama kanuni zilikataza isiandikwe, basi kanuni zenyewe zilikuwa zikimlinda anayeahidi na kumwacha aliyeahidiwa mikono mitupu.

Wako watakaosema: hata hivyo, siyo haki kijana kuhama kila mwaka. Ni kweli kwamba kuhama huko kunaivuruga timu, na masomo ya mtu aliyepita vyuo vitatu kwa miaka minne siyo masomo. Lakini makocha nao huhama. Huahidi wazazi kwamba watamlea mtoto wao, kisha wakipata chuo kinacholipa zaidi huondoka hata kabla ya michezo ya mwisho wa msimu. Kwa miaka mingi mchezaji aliyetaka kumfuata au kuhama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, wakati kocha alianza kazi mpya siku iliyofuata. Zuio hilo lililegezwa mwaka 2021, na kufikia mwaka 2024 liliondolewa kwa mchezaji anayeendelea vizuri na masomo, tena baada ya mahakama kuingilia. Mtu anayetaka watumishi wake wasihame hufunga nao mkataba wa miaka, akatimiza upande wake. Hakuna dawa nyingine.

Kanuni ya usajili nayo imeporomoka. Mwezi Januari 2024 serikali za majimbo ya Tennessee na Virginia ziliishitaki NCAA, na mwezi Februari jaji mmoja wa Tennessee akaizuia kwa muda isiitumie kanuni inayokataza kuzungumza malipo ya matangazo kabla kijana hajajiandikisha. Hoja ilikuwa nyepesi: kijana anayechagua chuo ana haki ya kujua thamani yake kabla ya kuchagua.

Hatimaye, tarehe 6 Juni, 2025, Jaji Claudia Wilken alikubali suluhu katika kesi ya House. Kwa suluhu hiyo wachezaji wa tangu mwaka 2016 watalipwa kiasi cha dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka 10, na vyuo vikaruhusiwa, kuanzia tarehe 1 Julai, 2025, kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza kikawa karibu dola milioni 20.5 kwa kila chuo, kwa michezo yake yote. Wasomaji wakumbuke zile dola 61,000 zilizoifungia Southern Methodist.

Hii ni hatua kubwa na mimi naipongeza. Lakini ndani yake umo ugonjwa ule ule. Kiwango hicho hakikutokana na mapatano ya wachezaji walioketi mezani kwa chama chao. Na chombo cha kusimamia utaratibu mpya, kinachoitwa Tume ya Michezo ya Vyuo, kiliundwa na miungano mikubwa ya vyuo vyenyewe. Kila mkataba wa tangazo wa dola 600 au zaidi lazima upelekwe kukaguliwa, ili ionekane kama ni biashara ya kweli na kama kiasi chake ni cha haki. Haki kwa kipimo cha nani? Huku ni kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Tume hiyo haikumaliza hata mwezi kabla ya kulazimika kulegeza msimamo wake juu ya mifuko ya wafadhili, baada ya mawakili wa wachezaji kupinga.

Ndugu Mhariri, jambo hili lina historia ya kufundisha. Mwaka 1991 NCAA iliweka kanuni kwamba baadhi ya makocha wasaidizi wasilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Makocha wakashitaki, wakashinda, na mwaka 1999 wakalipwa dola milioni 54.5. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpangia kocha kikomo. Kwa upande mwingine, ligi ya NFL inayo kanuni ya kikomo cha mishahara, tena kali, nayo imesimama miaka mingi. Kwa nini? Kwa sababu kikomo hicho kimewekwa kwa mapatano na chama cha wachezaji, na sheria ya Marekani inayalinda mapatano ya namna hiyo. Kanuni yenye saini za pande mbili hudumu. Yenye saini moja huishia mahakamani.

Wachezaji wamejaribu. Mwaka 2014 ofisi ya kazi ya mkoa wa Chicago iliamua kwamba wachezaji wa mpira wa Northwestern ni wafanyakazi na wanaweza kuunda chama. Mwaka 2015 bodi ya taifa ikakataa kulishughulikia suala hilo, na jitihada ikafa. Mwezi Machi 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kujiunga na chama cha wafanyakazi, kisha ombi lao likaondolewa mwisho wa mwaka huo huo. Na mwaka 2025 muswada uliopelekwa katika Bunge la Marekani ulikusudia kukataza kabisa wachezaji wasihesabiwe kuwa wafanyakazi. Maana yake ni nini? Ni kwamba wakubwa wako tayari kutoa fedha kuliko kutoa kiti mezani. Fedha wanaweza kuzipunguza kesho. Kiti kikishatolewa hakirudi.

Liko pia swali la haki kuhusu michezo midogo na michezo ya wanawake. Sehemu kubwa ya fidia ya kesi ya House imepangiwa wachezaji wa mpira na wa kikapu wa kiume, na mwaka 2025 baadhi ya wanamichezo wanawake walikata rufaa. Sina jibu rahisi. Najua tu kwamba chuo kinachoweza kumlipa kocha mamilioni akae nyumbani hakiwezi kuwaambia waogeleaji wake kwamba hazina imekauka. Na wanawake nao wanahitaji kuwapo panapogawanywa, badala ya kusomewa mgawo uliokwisha pitishwa.

Pengine msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Kanuni za NCAA hazihusu mpira huo tu. Suleiman Nyambui wetu, aliyetuletea medali ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa akikimbilia chuo cha El Paso huko Texas. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State. Wote walikimbia chini ya kanuni hizo, kwa ada na malazi. Na vijana wetu wanaendelea kuitwa. Sasa wazazi wajue jambo moja: mwanafunzi mgeni nchini Marekani huzuiwa kwa sehemu kubwa na viza yake kufanya kazi ya malipo nje ya chuo, hivyo fedha hizi za matangazo zinazosemwa redioni siyo rahisi kumfikia. Anayekuja nyumbani kwako na kukuambia mtoto wako atatajirika, mwambie aandike. Aandike msaada wa masomo ni wa miaka mingapi, akiumia nani atamtibu, na akiachwa na timu kama ataendelea na darasa. Akikataa kuandika, amekwisha kujibu.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, wachezaji wa mpira wa vyuo vya Marekani waruhusiwe kuwa na chama chao cha kuzungumza na vyuo juu ya malipo, matibabu na uhamisho. Pili, kila ahadi ya fedha anayopewa kijana wakati wa usajili iandikwe, na chuo kinachofaidika na ahadi hiyo kiwajibike nayo, hata kama imetolewa na wafadhili. Tatu, chombo cha kusimamia kanuni kiwe na wajumbe wa wachezaji walio sawa kwa idadi na wajumbe wa vyuo.

Wale wanaosikitikia mpira wa zamani uliochezwa kwa mapenzi wasisahau kwamba fedha zilikuwapo hata wakati huo. Zilikuwa zikienda kwa wengine. Wahenga wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Vijana hawa wamechuma juani tangu mwaka 1906, na kivuli wakakaa wengine. Leo wameanza kukisogelea. Wasifukuzwe kwa kuambiwa kwamba jua ndilo linalowafaa.



Mpenda Michezo,
Morogoro.